Lipu Niliyompigia Mama Mkwe Ikinga

Juzi kijana mmoja, fundi wa Tunduma, alinitumia picha kwenye simu. Nyumba nzuri, bati jekundu, madirisha ya alumini, na chini yake ameandika: "Shikamoo mzee wangu. Bosi anataka nje tuweke kitu cha kudumu, nyumba iko Ileje kwenye ukungu. Tupige lipu, tubandike mawe, au zile paneli za plastiki?" Nikamjibu marahaba, halafu nikamwuliza ukuta wenyewe umejengwa kwa nini. Hakujibu mpaka jioni. Alikuwa hajui, ikabidi arudi akakwangue.

Nimeona bora niandike, maana kujibu kwenye simu kwa kidole kimoja kunanichosha. Nimeshika mwiko miaka zaidi ya thelathini na tano. Sasa magoti yamekataa kupanda jukwaa, nafuga kuku, na mke wangu Atupele anasema kuku hao wanajengewa mabanda imara kuliko watoto wetu. Wazee wa kazi hii wakistaafu hupenda kutaja nyumba walizojenga. Mimi nitawaeleza zaidi ile niliyoiangusha, nyumba ya mama yake Atupele kule Ikinga, na jinsi nilivyokaribia kumhamisha mama wa watu kwenye nyumba yake mwenyewe kwa sababu ya lipu nzuri. Nikisema nzuri sifanyi utani. Ilikuwa nzuri kweli.

Ila kwanza tuelewane kuhusu maji, kwa sababu mkoa wetu huu una hali mbili na fundi asiyezijua atafukuzwa na pande zote.

Kazi yangu ya kwanza ya kujitegemea niliipata Kamsamba, bondeni, kwa mfugaji mmoja mwenye nyumba ya matofali ya kuchoma. Nilifika na haraka zangu za ujana. Nikapiga lipu saa sita mchana kwenye ukuta mkavu ambao sikuumwagia hata kopo la maji. Joto la kule mnalijua. Kufika jioni ukuta ulikuwa umepasuka kama kisigino cha mtu aliyetoka kulima. Yule mfugaji akaja, akasimama mikono nyuma, akaangalia nyufa zile kwa makini sana.

"Fundi," akasema, "hii ramani ni ya wapi?"

Nilibandua yote, nikarudia. Nikajifunza kulowesha ukuta kabla, kufunika magunia mabichi baada, na kumwagia maji wiki nzima asubuhi na jioni. Somo hilo nikapanda nalo milimani Ileje kama dawa ya kila ugonjwa. Huko nikakuta mambo yamegeuka. Kamsamba maji yanakimbia ukutani kabla simenti haijashika. Ileje maji yakishaingia hayana mpango wa kutoka.

Mbao nazo nimezifanya. Kuna mtu wa Ihanda aliyetaka ghala lake la kahawa livikwe mabanzi, zile mbao za pembeni zenye magamba ambazo viwanda vya kupasulia magogo huziuza kwa bei ya chini. Mabanzi ni kitu kizuri ukiyapanga kwa kulaliana, la juu likimfunika mwenzake wa chini, na ukiyaanzia juu ya mawe, shibiri mbili kutoka ardhini, mchwa wasipate ngazi. Hayo yote niliyafanya vizuri. Kosa langu lilikuwa dawa. Wakati ule Tunduma malori yalikuwa yamepanga foleni ya siku nyingi, na oili chafu ilikuwa ya kuomba tu. Nikamwendea dereva mmoja wa Kizambia, nikamwamkia "mwapoleni mukwai," akacheka lafudhi yangu, akanijazia madumu mawili. Nikapaka ghala zima mpaka likang'aa. Mchwa hawakulisogelea. Lakini kahawa ni kitu kinachovuta harufu, na msimu ule kahawa ya yule bwana ilinuka gereji. Kila mnunuzi aliyechota kiganja na kunusa alimwuliza kama anakausha kahawa au anatengeneza breki.

Nilipata aibu, nikaja kubandua mabanzi yale na kuweka mapya bila oili. Nilichokosea ni kudhani kwamba kitu ukikipaka nje kinakaa nje. Ningekuwa mtu wa kujifunza haraka, hiyo ingenitosha.

Aliyenifundisha hasa alikuwa mzee Salimu. Alitokea Tanga, akaja Tunduma na ndugu zake wenye malori, wao wakaendelea na safari, yeye akabaki kujenga. Alikuwa mtu mfupi, mpole, msafi kupita kiasi. Alipiga lipu amevaa kofia nyeupe ya kiua na jioni kofia ilikuwa bado nyeupe. Sisi wengine tulirudi nyumbani kama tumegaragara kwenye unga.

Mzee Salimu aliamini chokaa. Aliizamisha kwenye shimo la maji, akaifunika, akaiacha majuma matatu mpaka iwe laini kama siagi, ndipo aichekeche na kuichanganya na mchanga. Sisi tulimwona anapoteza muda. Simenti unafungua mfuko asubuhi, mchana umemaliza ukuta. Siku moja nikamwuliza kwa nini anajitesa.

"Sikiliza, mwanangu," akasema. "Kwetu pwani nyumba zinalowa mwaka mzima, na chumvi juu. Nimebomoa kuta za mawe za zamani sana zilizopakwa chokaa, ndani kukavu. Na nimebomoa kuta laini zilizopigwa simenti juzi tu, ndani uji. Unachokipaka nje kisiwe kigumu kuliko ukuta wenyewe. Ukuta wako wa udongo utalowa tu, huwezi kuuzuia. Kazi yako ni kuuachia mahali pa kukaukia."

Nikaitikia "sawa mzee" kwa adabu zote, na halikuniingia. Nilikuwa na miaka thelathini na kitu, nina gari la mizigo la kukodi, nina watu wanaonipigia simu, na kila mtu anataka simenti. Sasa nani angekaa anachekecha chokaa?

Mama yake Atupele alikuwa mjane, anaishi peke yake Ikinga kwenye nyumba ya matofali mabichi aliyojenga na marehemu mumewe. Kwa kule kwao kukandika nyumba ilikuwa kazi ya wanawake. Kila mwaka mavuno yakishaingia ndani na jua likishakaa sawa, wanachimba udongo wao, wanauponda, wanachanganya na kinyesi cha ng'ombe na nyasi zilizokatwa, wanasiriba kuta nje na ndani, halafu wanamalizia kwa udongo mweupe au mwekundu. Mama alikuwa hodari wa kazi hiyo, wenzake walimwita akawachagulie udongo. Mimi nilipokuwa naiangalia nyumba ile niliona umaskini tu. Mkwe wake ni fundi wa mjini, na yeye bado anakandika kwa mikono. Watu watasemaje?

Kwa hiyo kiangazi kimoja nilipanda Ikinga na mifuko ya simenti kumpa zawadi.

Hapa lazima niwaeleze jambo moja, maana vijana wa leo mnakaa na wakwe zenu kochi moja mnaangalia mpira. Katika ukoo ule mkwe wa kiume na mama mkwe waliheshimiana kwa kuwekeana umbali. Hamtazamani usoni. Hamsemeshani moja kwa moja, anasimama mtu katikati anapokea maneno huku na kupeleka kule, hata kama mnasikiana vizuri. Na chumbani kwake mkwe haingii. Hachungulii. Hata kwenye kazi yangu ile nilipiga lipu ya nje peke yake, ndani alisema atasiriba mwenyewe, na mimi nikaona ni sawa kabisa.

Ukuta mbaya zaidi ulikuwa wa kusini, unaopigwa na mvua ya upepo. Nyuma yake ndipo palipokuwa chumba chake cha kulala. Kwa kuwa simenti haishiki vizuri kwenye tofali bichi, nikapigilia waya wa kuku ukuta mzima kwa misumari, halafu nikapiga lipu nzito, nikaisugua mpaka ikawa kioo, nikapaka rangi ya bluu. Siku ya pili ya kazi Atupele akaja kutoka jikoni amebeba uji.

"Mama anauliza, ukuta utapumulia wapi?"

Mama mwenyewe alikuwa mlangoni pa jiko, amegeukia pembeni, ananisikia.

"Mwambie mama ukuta hauna pua," nikasema.

Majirani waliokuwa wanatazama wakacheka sana. Mama hakuuliza tena.

Nyumba ile ilipendeza mpaka ikawa tangazo langu. Ikinga nzima hapakuwa na nyingine ya bluu. Mteja wa upande ule akisitasita, nilimchukua Jumamosi nikampeleka akaione. Tunasimama kwenye njia, naeleza waya, naeleza uwiano wa mchanga, nagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, unalia vizuri. Mama anatuletea viti kupitia kwa mtoto wa jirani, halafu anajiondokea. Nilipata kazi nyingi kwa ukuta ule.

Masika ya pili Atupele alitoka kumsalimia mama yake akarudi na maneno.

"Mama anasiriba chumbani."

"Si vizuri hivyo?"

"Februari? Nani anasiriba Februari? Udongo haukauki."

Nikamwambia uzee una mambo yake. Masika ya tatu akaniambia tena kwamba mama anaingiza jiko la mkaa chumbani na anakohoa. Moshi ule hata mimi niliuona ukitoka dirishani nilipoleta mteja mmoja. Nikafikiri bibi anasikia baridi. Nikamnunulia blanketi, nikalituma. Nilijiona mkwe mwema.

Ukuta ulianguka Jumapili asubuhi, mwezi wa tatu, watu wakiwa kanisani. Nasema tena, watu wakiwa kanisani, mama naye akiwa miongoni mwao. Shemeji yangu mkubwa alinipigia simu akanieleza kwa maneno machache sana. Nilitoka Tunduma hapohapo na nilifika saa tisa alasiri, mvua imekatika, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba.

Lipu yangu ilikuwa imelala nzima kwenye shamba la viazi kama mlango uliong'olewa, waya wake ndani, rangi yake ya bluu haina doa. Nyuma yake hapakuwa na matofali. Palikuwa na matope. Ukuta ulikuwa umekwisha siku nyingi, lipu ndiyo iliyobaki imesimama peke yake ikijifanya nyumba. Maji yaliingia kwa nyufa ndogo nisizoziona, mengine yakapanda kutoka chini, na nje nilikuwa nimeziba kila mahali. Upande pekee yaliobakiwa nao wa kutokea ulikuwa chumbani kwa mama.

Na chumba chenyewe kilikuwa wazi, kijiji kizima kinakiona. Wanaume walikuwa wamesimama wanaangalia viatu vyao, kwa sababu si mahali pa kutazama. Mimi ndiye niliyepaswa kutazama kuliko wote, na nikatazama. Kitanda kilikuwa katikati ya chumba, mbali na kuta, kimeinuliwa juu ya matofali. Godoro limefunikwa nailoni. Kwenye kona iliyosalia kanga zilikuwa zimetundikwa ukutani, na nilipoinua moja nyuma yake kulikuwa kweusi kwa ukungu, na juu ya weusi ule kuna alama za vidole, udongo mpya juu ya udongo mbichi, tabaka kwa tabaka. Jiko la mkaa lilikuwa limesogezwa karibu kabisa na ukuta. Halikuwa la kumpasha joto yeye. Alikuwa anaukausha ukuta wangu.

Mama alikuja kutoka kwa jirani, alikopelekwa baada ya ibada, anashikwa mkono na Atupele, ambaye alikuwa ametangulia kupanda tangu Ijumaa. Akafunika uso kwa kanga. Nikasikia anamwambia binti yake, "Mwambie mkwe asiingie humo, hakujafagiliwa."

Niliondoka nikaenda nyuma ya jiko nikalia. Sisemi hivyo ili mnihurumie, ndivyo ilivyokuwa.

Zahanati walisema kifua kimeharibiwa na moshi na ukungu wa ukutani, asirudi kulala pale. Mashemeji zangu wakakaa kikao. Wakaamua mama ahamie Tunduma kwa mtoto wake mkubwa, kwenye kelele za malori, na nyumba ibomolewe iliyobaki. Kama kuna mtu anataka kuijenga, basi iwe imekwisha kabla ya mvua za mwaka ule kuanza, na fundi awe mwingine. Walikuwa na haki.

Mama alikataa yote mawili. Tunduma haendi, mumewe amezikwa hatua thelathini kutoka mlangoni, yeye anakwenda wapi? Na fundi atakuwa huyuhuyu. "Ila safari hii," akasema, "ataingia ndani." Wazee wa ukoo wakaguna. Nikapeleka kuku na kitenge, maneno yakasemwa, umbali ukaondolewa. Mama akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake. Nilishindwa kuyainua macho.

Kiangazi kile nilifanya kazi moja tu. Sasa sikilizeni, maana haya ndiyo aliyotaka kujua yule kijana wa simu. Tulianza na mawe na matofali ya kuchoma mpaka usawa wa goti, tukatandika nailoni juu yake ili maji ya ardhini yasipande. Matofali mabichi yakafuata. Bati tukalirefusha mkono mzima nje ya ukuta, tukaweka mifereji na kuchimba mtaro, kwa sababu dawa ya kwanza ya ukuta ni kutonyeshewa. Kuta zilizobaki nikazibandua simenti yote, kipande kwa kipande, nikang'oa na waya.

Udongo wa kukandika alichagua mama. Alikaa kwenye kigoda uani, anakohoa, namletea ndoo moja baada ya nyingine. Anausokota uwe kamba nyembamba kama kalamu, anaizungusha kidoleni. Ikikatika mapema, "mchanga mwingi, rudisha." Ikinata sana, "huu utapasuka, ongeza nyasi." Nilirudishwa shimoni mara kumi na moja. Alinifundisha kupaka tabaka jembamba, kulichana kwa vidole lingali bichi ili la pili lishike, na kuacha siku za kutosha katikati. Mwisho tukapaka chokaa, iliyolala shimoni majuma matatu kama ya mzee Salimu, matabaka matano membamba. Haikung'aa. Kila baada ya miaka miwili mitatu inabidi kupaka tena, na hilo vijana hamlipendi. Basi mwambieni bosi mapema. Nyumba yake ikiwa ya matofali ya kuchoma au ya simenti tupu, hayo mawe yenu na paneli bandikeni, mkiacha nafasi ya hewa nyuma. Ikiwa ya udongo, msiivike kitu kisichopitisha jasho. Na msipokee kazi ya ukuta ambao hamkuruhusiwa kuuona upande wa pili. Mimi nimekataa nyumba za watu wakubwa kwa sababu hiyo tu.

Tulimaliza mvua zikiwa zimebakiza kama juma moja. Mama alirudi chumbani kwake, akaishi humo miaka mingine sita, na humo ndimo alimofia, kwa uzee. Kifua hakikupona. Kila masika nilimsikia akikohoa ng'ambo ya ukuta mkavu.

Mwaka ule wa kwanza nilipanda Ikinga katikati ya mvua kubwa. Mama akaniita kutoka ndani kwa sauti yake mwenyewe, bila mtu katikati.

"Ingia ushike."

Nikaingia. Kitanda kilikuwa kimesogezwa mpaka ukutani, anakopenda. Nikaweka kiganja juu ya ukuta wa kusini, huku nasikia maji yanamwagika nje. Ulikuwa mkavu. Nikamwuliza jambo ambalo lilikuwa limenikaa rohoni tangu ile Jumapili.

"Mama, miaka mitatu. Kwa nini hukuniambia?"

Alikohoa kwanza, akajifuta kwa pembe ya kanga.

"Ningekuambia lini, mwanangu? Kila Jumamosi ulikuwa unaleta watu. Nilikuwa nakuona kwenye tundu la dirisha, umesimama pale unawaeleza, unagonga ukuta. Ulikuwa na furaha sana."